Kuhesabu Mdomo wa Mama

Kazi yangu ni kuhesabu midomo ya panya. Nikisema hivyo kwenye harusi au matanga watu hucheka kwanza, halafu wananisubiri nitaje kazi yenyewe. Sina nyingine. Katika maabara ya chuo kimoja hapa Embu, namweka panya mweupe ndani ya kijisanduku cha plastiki kinachoonyesha ndani. Chini yake kuna kioo, mbele yake kuna kamera, na mimi nimekaa kwenye kigoda na kidude cha kubonyeza mkononi. Taya likishuka na kupanda, nabonyeza. Likienda upande, nabonyeza pengine. Ulimi ukichungulia, meno yakigongana, sharubu zikicheza, kila kimoja kina safu yake kwenye karatasi.

Daktari anayetuongoza, mwanamke mpole asiyependa kelele, anatafuta kujua ni nini hasa kinachouamuru uso usogee. Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, na kwenye seli kuna vipokezi vya kuipokea, kama mlango unavyompokea mgeni. Vipokezi hivyo ni vya aina kadhaa. Panya wengine wamezaliwa bila aina moja, wengine tunawadunga dawa inayoziba aina nyingine, kisha tunaangalia ni mwendo gani umepungua na upi umezidi. Taya kushuka na taya kwenda upande si amri moja, hata kama machoni pako yote ni kutafuna tu. Panya aliyezibwa vipokezi kwa muda mrefu huweza kuanza kutafuna bila chakula. Hana kitu mdomoni, wala haonekani kujua kwamba anatafuna. Sisi maabarani tunaita kutafuna hewa.

Mimi ni mtu wa kujisifu, na sioni haya kukiri. Kwa miaka sita nimejiambia kwamba hakuna mtu Embu nzima anayeusoma mdomo wa kiumbe kuliko mimi. Basi yaliyonipata nyumbani kwetu Laare ni haki yangu kabisa, ingawa hayakuwa haki ya mama.

Mama mdogo alinipigia simu Jumatano moja nikiosha vizimba. Hakusalimia.

"Mwari, mama yako anakula miraa," alisema. "Kanisa mzima inaongea. Mimi nimechoka kuulizwa."

Lazima nieleze kwetu ni kwetu namna gani. Laare ni mji wa miraa, vile vijiti vya kutafuna vinavyofukuza usingizi. Wanaume wanavuna, wanawake wanafunga mabunda kwa majani ya mgomba, bodaboda zinakimbiza mzigo kabla haujanyauka, na karo yangu yote tangu chekechea ilitoka kwenye miti hiyo. Mzee akikaa kando ya duka na shavu limevimba, hakuna anayegeuza shingo. Lakini mwanamke, tena mwenye kitambaa cha kichwa cha akina mama wa kanisa, akionekana anatafuna tu, habari inafika kwake nyumbani kabla ya yeye mwenyewe. Kwetu mdomo unaosogea una maana moja. Angekuwa anaishi Kibirichia kunakolimwa viazi, watu wangemwambia pole kwa jino.

Na mama hakuwa muumini wa viti vya nyuma. Kila siku ya ubatizo yeye ndiye aliyekuwa akikabidhiwa watoto. Mzazi humpa mtoto pale mlangoni, mama akampeleka mbele kwa mchungaji, akamshika mpaka maji yamwagwe. Alifanya hivyo tangu nikiwa shule ya msingi. Nusu ya vijana wa bodaboda wanaopiga honi pale sokoni walipita mikononi mwake wakilia, na mpaka leo wakimwona wanapunguza mwendo.

Nilimwamini mama mdogo. Naliandika hili waziwazi kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi ya mengine. Sikusema, ngoja nikaone. Nilikasirika pale pale na vizimba vyangu vya panya, na Jumamosi nilipofika Laare hasira ilikuwa bado ya moto.

Mama alikuwa shambani. Kiondo chake cha kanisani kilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikakishusha, nikakimwaga kitandani kama askari wa kituo. Kitabu cha nyimbo, leso, miwani yenye mkono uliofungwa uzi, peremende tatu. Nilinusa hadi kitambaa cha ndani. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mlangoni na jembe.

"Unatafuta nini?" aliuliza.

"Natafuta miraa."

Aliweka jembe, akanawa mikono, akachukua ungo wa maharagwe, akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni kuyachagua. Nami nikavuta kigoda changu nikakaa mbele yake, nimenuna, nikimsubiri ajitetee. Vidole vyake vikaanza kutenga mawe na maganda. Dakika moja haikupita, mdomo ukaanza.

Taya lilienda upande wa kushoto, likarudi. Midomo ikakunjana na kuachana. Ncha ya ulimi ikachungulia kwenye kona, ikajificha. Halafu taya tena. Hakuwa na kitu mdomoni. Macho yake yalikuwa kwenye maharagwe, na uso wote wa juu umetulia, uso wa mtu anayewaza chakula cha jioni. Kidole gumba changu kilikuwa kinabonyeza paja. Nilikuwa nahesabu, na sikukumbuka nilianza lini.

Nilikuwa nimeuona mdomo ule kila siku ya kazi kwa miaka sita, chini yake kuna kioo.

"Umenyamaza," mama alisema, akainua macho. Na alipokuwa anasema, mdomo ulitulia kabisa, ukawa mdomo wa mama yangu ninayemjua. Ndipo nikaelewa kwa nini sikuwahi kuona. Kila alipokuja Embu tulikuwa tunaongea. Mama akija kwangu mimi sinyamazi, na yeye hanyamazi, tunaongea mpaka chai inapoa.

Sasa niseme alikuwa anakuja Embu kufanya nini. Laare walijua anakuja kunitembelea, kila mwezi bila kukosa, na walimsifu kwa kupenda mtoto. Ukweli tulikuwa tunaujua watu wawili tu. Baada ya baba kufa, mama alianza kusikia watu wakimsema ndani ya ukuta. Mwanzoni alinyamaza nao. Baadaye akaanza kuwajibu. Asubuhi moja nilimkuta kwenye barabara ya Maua, miguu mitupu, akisimamisha malori ili awaulize madereva wamempeleka wapi mume wake. Nikamwambia mama mdogo kwamba ni malaria imepanda kichwani, nikamchukua Embu, nikamkalisha kwangu miezi miwili. Kliniki ya huko wakampa sindano, ya kuifuata kila mwezi. Sauti zikapungua, kisha zikaisha. Akarudi nyumbani, akafunga kitambaa chake, akaendelea kupokea watoto wa watu.

Sindano hiyo inafanya nini? Inaziba vipokezi vya dopamini. Ni jamaa ya dawa ninayowadunga panya. Mlango ukizibwa miaka mingi, seli zinajizoesha kwa njia zao, vipokezi vinakuwa vyepesi kushtuka, ndivyo tunavyodhani, na uso unaanza kupokea amri ambazo mwenyewe hakuzitoa. Kliniki walituambia mapema. Sitasema hatukuambiwa. Waliniambia mimi, tena kwa sababu kazi yangu ni hii, niwe nauangalia mdomo wake. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimerudishiwa mama, sikutaka kusikia kitu kingine.

Na hili nalo lilinichekesha kwa uchungu. Miraa huiongeza dopamini, sindano huizuia isipokelewe. Kanisa lilimshuku mama kwa kitu kilicho kinyume kabisa na kile kilichomsogeza mdomo.

Barua ya wazee wa kanisa ilikuja wiki hiyo hiyo. Aitwe mbele ya kikao Alhamisi ya pili, saa nane mchana, aje na mtu mmoja wa familia akitaka. Ikithibitika, angevuliwa kitambaa na kutengwa na Meza ya Bwana. Tulikuwa na siku kumi na mbili.

Nilirudi Embu nikakimbilia kliniki peke yangu. Niliuliza kama tunaweza kuruka sindano moja. Daktari wa pale alisema tukiikata ghafla mdomo unaweza kuzidi kabla ya kupungua, na sauti zinaweza kurudi, na zikirudi huenda zisitulizwe kirahisi kama mara ya kwanza. Dawa ingebadilishwa, ndiyo, polepole, kwa miezi. Nikamuuliza kama mdomo utapona. Akasema kwa wengine hupungua, kwa wengine hubaki. Nilijua jibu hilo kabla sijauliza, maana wapo panya ambao tuliwaachisha dawa na wakaendelea kutafuna hewa hadi mwisho.

Basi njia niliyoiona ilikuwa moja: tuwaambie. Niandike kwa lugha nyepesi, nichukue barua ya kliniki, niwaeleze wazee kwamba huu ni ugonjwa wa dawa. Nilimpigia mama, nikamweleza mpango wote bila kupumua.

"Hapana," alisema.

"Mami, watakuvua kitambaa."

"Wakivua watarudisha. Huyo mwalimu wa huko juu, yule aliugua kichwa, umesahau? Alipona. Mpaka leo anakaa benchi yake peke yake, watoto wanaitwa watoke karibu yake. Nani atanipa mtoto wake nishike akisikia mimi nilikuwa naongea na ukuta?"

"Lakini hujala miraa. Ni uongo."

"Najua mimi sijakula." Alinyamaza kidogo, na nikajua kule Laare mdomo unacheza. "Uniahidi hutasema."

Nilikataa kuahidi. Nilimwambia wazi kwamba wakimtukana mbele yangu nitasema kila kitu, hadi jina la dawa. Alikata simu. Katika maisha yake yote mama hakuwahi kunikatia simu.

Wiki ile kazini niliharibu karatasi tatu. Nilimhesabu panya mmoja mara mbili na mwingine nikamwacha kabisa. Daktari wetu aliniuliza kama naumwa, nikasema hapana, nikaenda chooni nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia mama, nikawakasirikia wazee, na kwa mara ya kwanza nikawakasirikia panya.

Alhamisi tulikaa kwenye chumba kilicho nyuma ya kanisa, mimi na mama upande mmoja wa meza, wao sita upande wa pili. Mama alifunga kitambaa chake kimepigwa pasi hadi kikasimama. Mimi nilikuwa na barua ya kliniki mfukoni mwa koti, na mkono wangu juu yake. Kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili kwa sababu mchungaji alikuwa wa Mbeere, ametumwa kwetu mwaka uliotangulia, na Kimeru chake kiliishia kwenye salamu. Palikuwa na mzee mwenyekiti, katibu mwenye kitabu kikubwa, wazee wawili ambao walikuwa marafiki wa baba, na mwenyekiti wa akina mama, jirani yetu, ambaye watoto wake wote wanne mama aliwashika siku ya ubatizo.

Mchungaji aliomba. Maombi yalikuwa marefu. Wote walifumba macho isipokuwa mimi, nami nikamwona mama amefumba yake, mikono imekumbatana, na mdomo unatafuna. Kushoto, katikati, kushoto, ulimi. Nikageuka nikakuta katibu naye amefumbua jicho moja. Anamwangalia mama. Nilitamani kumziba yule bwana macho kwa kiganja.

"Amina," tukasema.

"Mama," mzee mwenyekiti alianza, "sisi hatukukuita kukuhukumu. Hii maneno imekuja kwa hii meza mara tatu. Watu wanasema wewe unatafuna. Hata saa hii ya maombi, mimi sitaki kusema nimeona nini. Ni miraa ama si miraa?"

Niliitoa barua mfukoni. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema. Mama akaweka mkono wake juu ya mkono wangu mezani, akaubana kwa nguvu ya mtu wa jembe.

"Ni kweli," alisema. "Mimi hutafuna."

Mwenyekiti wa akina mama alishika kifua. Mzee mmoja, rafiki wa baba, akainamisha kichwa. Niliona katibu akiandika. Mama alikuwa ametulia, sauti yake ya kawaida, mdomo wake umenyooka kwa sababu alikuwa anautumia.

"Nilianza kwa sababu ya mawazo, mzee wangu akienda," aliendelea. "Nimekosa. Naomba mniombee niache."

Nilidhani yameisha hapo. Watamvua kitambaa, watamwombea, miezi itapita. Lakini mzee mwenyekiti alikuwa na shida nyingine, na sasa niliiona: mtu wa pale sokoni aliyekuwa anawauzia akina mama wa kanisa. Kumbe ndiye waliyekuwa wanamtafuta tangu mwanzo.

"Mama, toba ni kusema yote," alisema. "Nani anakuuzia? Sisi tumeuliza hapa sokoni, kila mtu anakataa. Taja jina."

Mama akanyamaza. Na aliponyamaza taya likaenda kushoto. Niliona anawapitia watu wote wa Laare kichwani, mmoja mmoja. Angetaja nani? Jina lolote ambalo lingetoka pale lingekuwa limeharibika kufikia jioni. Niliibana ile barua hadi ikakunjika.

"Si miraa ya hapa," alisema mwishowe. "Ni muguka. Ya Embu."

Mzee mmoja alishindwa kujizuia, akatoa sauti puani. Kwetu muguka ni majani ya kudharauliwa, ya watu walioshindwa kupata miraa ya maana. Mwanamke wa Laare kutafuna muguka ilikuwa aibu juu ya aibu. Na wote pale mezani walijua mama huja Embu kila mwezi kwa nani.

"Nani anakupatia huko Embu?"

Mama hakunionyesha kwa kidole. Alinigeukia tu. Hakuwa ananibembeleza, macho yake hayakuwa na machozi. Alikuwa ananiangalia vile alivyoniangalia pale mlangoni na jembe, kiondo chake kimemwagwa kitandani.

"Huyu mtoto wangu," alisema.

Macho ya wale sita yaliyokuwa yananionea huruma yakabadilika mara moja. Lakini mchungaji hakuridhika. Yeye alizaliwa kule kule muguka inakotoka, na alimtazama mama kwa upole uliokuwa na shaka ndani yake.

"Mama," aliuliza taratibu, "na hiyo muguka, huwa unatafuna na nini?"

Mama hakujua. Miraa aliifahamu tangu utotoni, lakini muguka hakuwahi hata kuishika. Alifungua midomo, kisha taya likaanza, na ulimi, na taya, haraka kuliko nilivyowahi kuliona. Mchungaji aliuangalia ule mdomo mtupu. Ningenyamaza kidogo tu, angejua kwamba mama anadanganya, na swali lililofuata lingekuwa: kama si muguka, ni nini? Sikuhitaji hata kutoa barua. Nilihitaji kukaa kimya tu, na ukweli wote ungetoka, na mama asingepewa mtoto wa mtu tena.

"Na njugu, Pasta," nikasema. "Mimi humletea pamoja na njugu."

Mchungaji akaniangalia, kisha akaitikia kwa kichwa polepole. Katibu alifungua ukurasa mpya, akauliza jina langu lote, akaandika. Akauliza kanisa langu la Embu, akaandika hilo pia, kwa sababu barua ingefuata huko.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Miaka mitano."

Nilitaja hesabu ya miaka ya sindano. Sikuwa na nyingine.

Mwenyekiti wa akina mama alisimama, akazunguka meza, akamfungua mama kitambaa kwa mikono yake miwili, taratibu, asivute nywele. Mama aliinamisha kichwa kumsaidia. Kisha yule jirani yetu akakikunja kile kitambaa mara nne na kunigeukia, akanitazama kwa chuki.

"Na huyu ni mama yako mzazi," alisema.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mama yangu."